Majina Yaliyobaki Yambuku

Mazungumzo ya leo yanahusu swali ambalo wengi hudhani limekwisha kujibiwa: nani aligundua Ebola? Mwulize aliyesoma vitabu vya zamani, atakutajia Peter Piot, Mbelgiji. Mwulize kijana anayefuata habari za miaka hii, atakutajia Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo mwenzetu, na ataongeza kwamba Wazungu walimnyang'anya sifa yake. Mimi nasema wote wawili wameushika ukweli kwa ncha moja tu. Ugunduzi ule ulipita mikononi mwa watu wengi, kuanzia munganga wa Bumba hadi mtaalamu wa hadubini wa Atlanta. Kosa lililofanyika ni kwamba orodha ya wagunduzi ilianza kuandikwa pale damu ilipotua Ulaya, na wote walioishughulikia kabla ya hapo wakaachwa nje. Kosa la namna hiyo halirekebishwi kwa kumshusha shujaa mmoja na kumpandisha mwingine. Hurekebishwa kwa kuiandika orodha nzima, na kwa kuhakikisha kwamba anayetoa damu, au anayetoa jiwe, ana neno juu ya kitakachozaliwa kutokana nalo.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Mwishoni mwa Agosti 1976, katika misheni ya Kikatoliki ya Yambuku, eneo la Bumba, mkoa wa Équateur kama ulivyoitwa wakati ule, mwalimu mmoja wa shule ya misheni alifika hospitalini akiwa na homa. Ikadhaniwa ni malaria, akachomwa sindano ya klorokwini. Baada ya siku chache homa ikarudi, safari hii na damu, na tarehe 8 Septemba akafariki. Hospitali ile ilikuwa na vitanda 120, ikiendeshwa na masista Wabelgiji na wasaidizi wao wazalendo, bila daktari hata mmoja. Sindano zilizotolewa kila asubuhi kwa wagonjwa wote zilikuwa tano tu, zikisuuzwa kwa maji ya vuguvugu kutoka mgonjwa huyu kwenda kwa yule. Ugonjwa ukapata njia yake humo. Kati ya wahudumu 17 wa hospitali, 11 wakafa, milango ikafungwa, na hesabu ya mwisho ya Zaire yote, yaani Kongo ya wakati ule, ikawa wagonjwa 318, ambao 280 kati yao walikufa.

Daktari wa kwanza kuuandika ugonjwa huo alikuwa Dr. Ngoy Mushola, mganga wa eneo la Bumba. Alifika Yambuku katikati ya Septemba, akakagua wagonjwa, akaandika alichokiona: joto la mwili linalofika digrii 39 hivi, kutapika damu, kuhara damu, maumivu ya kifua na tumbo, viungo kuwa vizito, na mauti baada ya siku tatu kwa wastani. Msikilizaji, zingatia kazi hiyo. Hakuwa na maabara wala hadubini, na alikuwa mbele ya ugonjwa ambao hakuna kitabu kilichoueleza. Lakini alitambua kwamba haya hayakuwa malaria ya kila siku, akayaweka kwenye karatasi kwa mpangilio ambao hata leo madaktari wanaukubali, na ripoti yake ikaenda mjini. Bila kengele hiyo, Kinshasa isingemtuma mtu.

Mtu aliyetumwa alikuwa Muyembe, pamoja na mwenzake mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko. Alikuwa na umri wa miaka 34, amesomea udaktari Lovanium, Kinshasa, kisha akachukua shahada ya uzamivu ya elimu ya virusi katika Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na kurudi nyumbani kufundisha. Huko Yambuku alikuta wodi karibu tupu, wagonjwa wamekimbia. Wachache waliojitokeza aliwapima na kuwatoa damu kwa mikono mitupu, kwa kuwa glavu hazikuwapo. Hapo akaona jambo lililomshtua: alipoichomoa sindano, tundu halikuziba. Damu iliendelea kutiririka, ikamlowesha vidole na kiganja, naye akaenda kunawa kwa maji na sabuni. Alichukua pia vipande vya maini kutoka miili ya waliokufa. Kisha akafanya jambo lililobadili mwendo wa kisa hiki: alimshawishi sista aliyekuwa mgonjwa afuatane naye Kinshasa, ili uchunguzi ufanyike mahali penye vifaa. Sista huyo alilazwa katika hospitali ya Ngaliema, na huko Kinshasa ndiko ilikotolewa damu iliyotiwa katika themosi na kupelekwa Antwerp kwa ndege.

Kuanzia hapo simulizi linajulikana dunia nzima. Katika Taasisi ya Tiba ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, maabara ya Profesa Stefaan Pattyn, Guido van der Groen na Peter Piot, kijana wa miaka 27, walifungua themosi na kukuta kichupa kimoja kimepasuka, barafu na damu vimechanganyika. Nao pia hawakuwa na kinga ya maana. Walikuza virusi, wakaviona katika hadubini ya elektroni, nyuzi ndefu zilizojikunja, zinazofanana na virusi vya Marburg vilivyoambukiza watu Ujerumani na Yugoslavia mwaka 1967. Shirika la Afya Duniani likaamuru sampuli zipelekwe kwenye maabara zenye ulinzi mkubwa zaidi, zikaenda Porton, Uingereza, na Atlanta, Marekani. Atlanta ndiko Frederick Murphy alikopiga picha maarufu ya virusi hivyo katikati ya Oktoba, na ndiko kundi la Karl Johnson na Patricia Webb lilikothibitisha kwa vipimo vya kingamwili kwamba hiki hakikuwa Marburg bali kirusi kipya. Tarehe 12 Machi 1977, jarida la The Lancet la London lilichapa makala tatu kwa mpigo, moja ya kila maabara. Virusi vikapewa jina la mto Ebola, ili kijiji cha Yambuku kisibebe aibu ya ugonjwa. Katika majina ya waandishi wa makala zile tatu, halikuwamo jina la Mkongo hata mmoja.

Sasa tusikilize pingamizi la kwanza, na ni pingamizi lenye uzito. Kuna wanaosema kwamba kugundua virusi ni kuvitenga, kuvikuza, kuviona na kuthibitisha kuwa ni vipya. Muyembe alikuwa shujaa, wanasema, lakini aliondoka Yambuku akidhani huenda ni homa ya matumbo au homa ya manjano. Aliyekuja kujua ukweli ni mwenye mashine. Hoja hii naiheshimu, lakini yeyote anayeitumia aifuate mpaka mwisho. Ikiwa mgunduzi ni yule tu aliyethibitisha kuwa kirusi ni kipya, basi sifa yote iende Atlanta, na Piot naye aachwe nje, kwa sababu Antwerp waliona kitu kinachofanana na Marburg na makala yao yenyewe ilikitaja kama kirusi cha jamii ya Marburg. Lakini hakuna aliyewahi kumwondoa Piot kwa kanuni hiyo. Kwa Piot, kipimo kililegezwa: alikuwa sehemu ya mlolongo, alifungua themosi, baadaye alikwenda Yambuku mwenyewe na kufanya kazi ya hatari ya kutafuta chanzo cha maambukizi, kwa hiyo anastahili kuitwa mmoja wa wagunduzi. Nami nakubali kabisa kwamba anastahili. Ninachouliza ni kwa nini kipimo kilicholegezwa kwa Antwerp kilikazwa kwa Kinshasa na Bumba.

Kisa cha mtaalamu mmoja wa nyota kitatusaidia kupima jambo hili. Jocelyn Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge mwaka 1967. Alishiriki kwa mikono yake kujenga darubini ya redio, uwanja wa nguzo na nyaya unaozidi ekari nne, wenye kunasa mawimbi kutoka angani, mawimbi ya jamii ileile inayowaletea sauti hii majumbani. Mashine ilichora mistari kwenye karatasi karibu mita 30 kila siku, na kazi yake ilikuwa kuikagua yote kwa macho. Katika mita hizo zote aliona alama ndogo isiyofika hata sentimita moja, ambayo haikufanana na nyota wala na kelele za mitambo ya duniani. Msimamizi wake, Antony Hewish, mwanzoni alidhani ni kitu kilichotengenezwa na binadamu. Bell hakuiachia alama ile. Aliifuatilia hadi ikaonekana kuwa ni mpigo unaorudi kila baada ya sekunde 1.3 hivi. Ilikuwa pulsa, mabaki ya nyota iliyokufa yanayozunguka kwa kasi. Mwaka 1974 tuzo ya Nobel ya fizikia ikaenda kwa Hewish na mkuu wao Martin Ryle. Bell hakupata kitu. Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, akazitoa zote ziwasomeshe watafiti kutoka makundi yasiyo na nafasi katika fizikia.

Kisa cha Bell kinatufundisha kwamba katika sayansi kuna kazi ya kushtuka, na kazi hiyo ni elimu kamili. Alama ile kwenye karatasi ingeweza kuonwa na mtu mwingine na kupuuzwa. Vivyo hivyo, damu isiyoganda kwenye tundu la sindano ingeweza kuonwa na mtu asiyejua virusi akasema ni mkosi wa mgonjwa. Ngoy Mushola alishtuka, Muyembe akashtuka, na kila mmoja akafanya kile ambacho mshtuko wa msomi unadai: huyu akaandika, yule akachukua sampuli. Lakini visa hivi viwili vina tofauti, na tofauti hiyo inauma. Jina la Bell lilikuwamo katika makala ya kwanza ya Februari 1968, la pili katika orodha ya watano. Aliyekosa Nobel alikuwa na karatasi ya kuonyesha, na ndiyo maana wanafizikia wenzake, akiwamo Fred Hoyle aliyelalamika hadharani, waliweza kumtetea tangu siku zilezile. Wakongo wa 1976 hawakuwa na karatasi. Miaka 40 baadaye, anayetaka kuwatetea lazima aanze kwa kuthibitisha kwamba walikuwepo.

Pingamizi la pili ni la watu wa utaratibu. Wanasema makala ya maabara huorodhesha waliofanya kazi ya maabara. Daktari aliyetoa damu hushukuriwa pembeni, basi. Huo ndio mtindo wa kila mahali, hauna rangi wala taifa. Ingekuwa kweli, ningenyamaza. Lakini tazama makala ya Antwerp. Miongoni mwa majina matano ya waandishi, pamoja na Pattyn, van der Groen, Piot na mwenzao wa hadubini, limo jina la Courteille, daktari Mbelgiji aliyekuwa Kinshasa na kuituma damu ile. Yeye hakukuza virusi Antwerp. Aliandikwa kwa sababu sampuli ilitoka kwake, na ni haki yake. Maana yake utaratibu wa kumheshimu mtoa sampuli ulikuwapo, ulijulikana, ukatumika katika makala hiyohiyo. Uliishia Ngaliema tu. Haukurudi nyuma kilomita zaidi ya elfu moja mpaka Yambuku, alikotoka yule sista, wala kwa yule aliyemleta. Sidai kwamba mtu fulani alikaa mezani akapanga kuwafuta Wakongo. Yaelekea hakuna aliyewaza kuwauliza, na kutowazwa huko ndiko ninakokushtaki. Piot mwenyewe, habari hizi zilipovuma mwaka 2019, alikubali kwamba mchango wa Wakongo haukupewa nafasi yake, na kwamba hayo yalikuwa mawazo ya zama zile.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolisikia zaidi hapa kwetu, na linatoka kwa watu wenye akili timamu. Wanasema: sifa ni mambo ya maprofesa. Watu 280 walikufa. Jina la mgunduzi liwe Piot au Muyembe, litamfufua nani? Tuna shida ya maji na umeme, nawe unatuletea ugomvi wa vyeti. Jibu langu ni kwamba sifa katika sayansi ndiyo hati ya shamba. Anayeandikwa kuwa mgunduzi ndiye anayepewa fedha za utafiti, ndiye anayejengewa maabara, ndiye anayeitwa kutoa ushauri, na wazo lake la pili husikilizwa kwa sababu ya la kwanza. Asiyeandikwa huambiwa alete ushahidi zaidi.

Yaliyompata Muyembe baadaye yanathibitisha hivyo. Mwaka 1995 Ebola ilizuka mjini Kikwit, ikapata watu 315 na kuua karibu 250. Wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa 80. Muyembe aliongoza mapambano, na yeye na wenzake wakafanya jaribio lililotokana na fikra rahisi: waliopona wana kinga katika damu yao, basi tuwape wagonjwa damu hiyo. Wagonjwa wanane wakaongezewa damu ya waliopona, saba wakaishi, katika ugonjwa uliokuwa ukiua wanane kati ya kumi. Wataalamu wa ng'ambo wakatilia shaka. Walikuwa na haki ya kuuliza, maana wagonjwa wanane ni wachache, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na huenda walipata huduma bora kuliko waliowatangulia. Lakini shaka katika sayansi huwa mwanzo wa majaribio makubwa zaidi, na wazo lenye matumaini kama lile, lingetoka kwa mtu ambaye dunia inamtambua kuwa mgunduzi wa ugonjwa wenyewe, lisingesubiri muda mrefu hivyo. Ilipita zaidi ya miaka kumi ndipo damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ikachunguzwa Marekani, katika taasisi za taifa za afya, na miaka 11 baada ya kuugua kwake bado zilipatikana chembe zenye kumbukumbu ya Ebola. Kutoka chembe hizo ikatengenezwa kingamwili iliyoitwa mAb114. Matokeo yalichapwa mwaka 2016, na safari hii jina la Muyembe lilikuwamo.

Dawa hiyo ilijaribiwa hapa Kongo, wakati wa mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Novemba 2018 wagonjwa wakaanza kugawanywa katika makundi manne, kila kundi na dawa yake, na jumla yao ikawa 681. Agosti 2019 majibu yakatangazwa: katika makundi mawili walikufa karibu nusu ya wagonjwa, katika kundi la mAb114 na lile la dawa ya kampuni ya Regeneron walikufa kama theluthi moja, na waliofika mapema walipona kwa wingi zaidi. Makala ya jaribio hilo ilianza na jina la Sabue Mulangu, daktari Mkongo. Desemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha mAb114 kwa jina la Ebanga. Hapo palikuwa na ushindi, tuukubali. Wazo la Kikwit lilikuwa sahihi. Lakini pia tazama hati ya shamba iko wapi: dawa iliyotokana na damu ya mtu wa Kikwit iko chini ya leseni ya kampuni ya Miami, na Madaktari Wasio na Mipaka wamelalamika kwamba tiba hizi bado haziwafikii wagonjwa wa Afrika inavyopaswa. Swali la jina, msikilizaji, limegeuka kuwa swali la kichupa cha dawa kilipo usiku ule mgonjwa anapoletwa.

Sisi wa Likasi tusingehitaji kufundishwa haya. Udongo wetu umeyafundisha kabla ya damu. Mwanajiolojia Jules Cornet alipopita Katanga mwaka 1892, alipewa heshima ya kuitambulisha shaba yetu kwa dunia, ilhali mashimo aliyoyaeleza, pamoja na ya Kambove, yalikuwa yamekwisha kuchimbwa na wenyeji, waliokuwa wakiyeyusha shaba na kuitia katika umbo la misalaba karne nyingi kabla yake. Shinkolobwe, machimbo ya urani hapo magharibi mwetu, imeandikwa kuwa iligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Rich Sharp. Sampuli zikaondoka. Katika maabara za Ubelgiji zikazaliwa kutoka mawe ya Shinkolobwe madini mapya moja baada ya jingine: curite, becquerelite, sklodowskite, yaliyobeba majina ya wanasayansi wa Ulaya, na sharpite, iliyobeba jina la huyohuyo Sharp. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya madini ya Union Minière aliyeipatia Marekani urani ya bomu, alipewa nishani na Wamarekani mwaka 1946, na madini mengine ya Katanga yakaitwa sengierite. Mji wetu nao ulipata sehemu yake mwaka 1955, yalipoitwa likasite madini yaliyotoka katika mgodi wetu. Lakini wale walioyabeba mawe hayo yenye mionzi kwa magunia, mabegani, hawamo katika jina lolote. Damu ya Yambuku ilipita njia iliyokwisha kuchongwa na mawe ya Shinkolobwe: mali ghafi inatoka huku bila jina, inapata jina ng'ambo, na inarudi ikiwa bidhaa.

Limebaki pingamizi la mwisho, nalo nalielekeza kwetu wenyewe. Kuna hatari kwamba katika kudai haki tutarudia kosa lilelile. Siku hizi tunasikia kwamba Muyembe ndiye aliyegundua Ebola, nukta. Tuzo zimekuja, na zimestahili: ya Christophe Mérieux mwaka 2015, ya Hideyo Noguchi kutoka Japani mwaka 2019, mwaka uleule Rais Tshisekedi alipomkabidhi uongozi wa mapambano dhidi ya Ebola. Lakini ukiuliza hapa mjini nani ni Ngoy Mushola, wangapi watakujibu? Na Mayinga N'Seka? Alikuwa muuguzi kijana wa Ngaliema aliyewahudumia masista waliotoka Yambuku, akaambukizwa, akafa Oktoba 1976. Virusi vilivyotoka katika damu yake vimekuwa kipimo cha kulinganishia katika maabara duniani kote, na aina hiyo inaitwa Mayinga mpaka leo. Watafiti huandika jina hilo bila kujua kwamba lilikuwa la binti wa Kinshasa aliyekuwa kazini. Pia yumo Dr. Miatudila, Mkongo aliyekuwa katika tume ya kimataifa iliyouzima mlipuko. Tukimpandisha Muyembe peke yake, tutakuwa tumehamisha kiti tu, na waliokuwa chini watabaki chini. Wazee hao wa 1976 wametuonyesha njia iliyo bora: mwaka 2016 waliandika pamoja historia ya ugunduzi ule, Muyembe, Piot, Johnson, Murphy, Miatudila na wengine katika makala moja, na mganga wa Bumba akatajwa kwa jina na kwa kazi yake.

Tena, orodha kamili haimpunguzii Muyembe kitu. Inamwonyesha alivyo. Ukubwa wake hauko katika siku zile chache za Yambuku peke yake, uko katika miaka iliyofuata, alipobaki Kongo wakati wenzake wengi walihama, akaongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibiolojia, INRB, tangu 1998, katika nchi iliyokuwa vitani, mpaka ikawa na vijana wanaoweza kupima wenyewe. Agosti 2018, Ebola ilipojitokeza Mangina, Kivu ya Kaskazini, damu haikusubiri themosi wala ndege ya Ulaya. Ilipimwa Kinshasa, na jibu likatoka Kinshasa. Yeye ameweka msimamo kwamba sampuli za Wakongo zihifadhiwe Kongo, na mgeni anayetaka kuzichunguza afanye kazi na Wakongo, majina yao yakiwa ndani ya makala. Wapo wanaolalamika kwamba masharti hayo yatachelewesha sayansi wakati watu wanakufa. Mambo ya 2018 yamewajibu: mlipuko ule, katikati ya vita, ulitoa jaribio kubwa la tiba za Ebola ambalo mfano wake haukuwahi kukamilishwa popote kabla yake, na lilifanyika humuhumu, na Wakongo wakiwa usukani.

Kwa hiyo ninachokiomba ni mambo mawili yanayowezekana. La kwanza ni kwa walimu. Mwalimu wa biolojia wa Likasi anapofundisha Ebola, asiandike ubaoni jina moja, awe Mbelgiji au Mkongo. Aandike mlolongo: Ngoy Mushola aliyeeleza ugonjwa, Muyembe aliyechukua sampuli na kumleta mgonjwa, Courteille aliyetuma damu, Pattyn, van der Groen na Piot waliokuza virusi, Johnson, Webb na Murphy waliothibitisha, Mayinga ambaye virusi vya damu yake bado vinatumika. Mwanafunzi ataelewa sayansi inavyofanya kazi, na ataona mahali ambapo yeye, akiwa na kalamu na macho tu, anaweza kuanza. La pili ni kwa wenye mamlaka na wasomi wa vyuo vyetu hapa Katanga. Kila mkataba wa utafiti unaochukua sampuli humu nchini, iwe damu, udongo, maji ya mto au jiwe, uandike kabla ya sampuli kuondoka: nakala inabaki wapi, nani atakuwa mwandishi, na kitu kikiuzwa, mwenye asili anapata nini. Miaka ya nyuma tuliomba kukumbukwa baada ya kazi kwisha, na kumbukumbu ikatufikia baada ya miaka 40. Sahihi inayotiwa mwanzoni haimlazimu mtu yeyote kuja kutukumbuka.